Acheni Tuandike Maharage

Leo sikuleta shairi wala hadithi. Nimeleta ugomvi. Naomba mnivumilie mpaka mwisho, halafu anayetaka kunijibu anijibu, ukurasa ni wetu sote.

Ugomvi wangu ni huu. Kuna watu wameamua kwamba mtu wa kawaida, hasa wa pembezoni huku kama mimi, hana ruhusa ya kuandika mambo yake ya kawaida. Akitaka kusomwa alete msiba. Alete vita, alete njaa, alete uchawi. Asipokuwa na msiba wake mwenyewe, basi aazime wa jirani. Lakini akileta habari za nyumbani kwao, jinsi mama yake anavyopika, timu inayomnyima usingizi, kitu kinachomkera kila asubuhi, anaambiwa: "Dada, hii siyo fasihi. Hizi ni porojo." Mimi nasema porojo hizo ndizo zinazotupungukia, na tusipoziandika sisi wenyewe hakuna atakayefunga safari kuja kutuandikia.

Nijieleze kidogo. Naishi Keza, wilaya ya Ngara, mkoa wa Kagera. Kama hupajui usione haya, hata Bukoba wapo wasiopajua. Ukija kwetu kwa basi kutoka Dar es Salaam unapata muda wa kugombana na jirani yako wa kiti, mkapatana, mkagombana tena. Wilaya yetu imepakana na Burundi na Rwanda, na upande wa pili iko Biharamulo. Nyumbani tunaongea Kishubi. Sokoni utasikia Kishubi, Kihangaza na Kiswahili vimechanganywa kama makande. Nina kibanda cha kutuma na kutoa pesa, nauza na vocha. Shahada sina. Nina daftari, nalo liko chini ya droo ya pesa, na wateja wanadhani ni la madeni.

Sasa tazama Ngara inavyoandikwa. Ukikuta jina letu kwenye gazeti, ujue ni moja kati ya mambo matatu: mpaka, madini, au wakimbizi. Mpaka maana yake Rusumo, na siku hizi mtambo wa umeme wa Rusumo wenye megawati 80 zinazogawanywa kwa nchi tatu, Tanzania, Rwanda na Burundi. Madini maana yake nikeli ya Kabanga. Na wakimbizi, hapo ndipo kalamu za watu zinapoota mbawa.

Ni kweli, lilikuwa jambo kubwa. Tarehe 28 Aprili 1994 mpaka kesho yake, wakati mauaji ya kimbari yanaendelea Rwanda, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara ndani ya saa kama 24. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi lilisema halijapata kuona umati mkubwa namna ile ukikimbia kwa kasi namna ile. Humo walikuwamo wasio na hatia, na walikuwamo wauaji. Benaco, mahali palipochukua jina la kampuni ya Kitaliano iliyokuwa ikijenga barabara, pakageuka mji wa turubai. Zikafuata kambi nyingine, Lumasi, Musuhura, na Lukole ya Warundi. Desemba 1996 ikatolewa amri kwamba Wanyarwanda wawe wamerudi kwao ifikapo mwisho wa mwezi. Lukole nayo ilifungwa mwaka 2008. Hayo yote yameandikwa. Yana ripoti, yana picha, yana vitabu, na sisemi yasahauliwe. Mtu asinitafsiri vibaya hapo.

Ninachouliza ni kimoja: je, hayo ndiyo yote tuliyo nayo?

Mwaka juzi nilipeleka makala kwa mhariri mmoja. Simtaji jina, na gazeti lake silitaji, maana sikuja hapa kumchafua mtu. Makala yangu ilihusu vita ya miaka mingi kati ya mama na shangazi kuhusu chumvi ya maharage. Mama anashikilia kwamba chumvi hutiwa mwisho, maharage yakishaiva, kwa sababu ukiitia mapema yanakaza. Shangazi anashikilia kwamba maharage yasiyopikwa na chumvi yake tangu mwanzo yana ladha nje tu, ndani ni kama unatafuna karatasi. Vita hiyo imeshaharibu Krismasi mbili. Siku ya kumzika babu walikuwa hawasemeshani, na wote wawili wakajikuta wamesimama mbele ya sufuria moja, waombolezaji zaidi ya mia wanasubiri kula. Mmoja ilibidi atie chumvi. Nani aliitia, na aliitia lini, ndiyo ilikuwa makala yenyewe.

Mhariri akanijibu kwa ujumbe wa simu. Akasema unaandika vizuri. Halafu akauliza: wewe si wa Ngara? Mbona hutuandikii habari za wakimbizi?

Jamani, mimi nimezaliwa mwaka 1998. Yaani niweke kando niliyoyaona kwa macho yangu mawili, nikaandike yaliyotokea miaka minne kabla sijazaliwa, ndipo nionekane mwandishi wa kweli! Kijana wa Sinza akiandika habari za mchumba wake aliyemwacha, hakuna anayemwuliza mbona huandiki habari za vita vya Majimaji. Yeye ana haki ya kuwa mtu tu, mwenye moyo, mwenye hasira, mwenye uongo wake mdogo mdogo. Mimi sharti niwe shahidi wa msiba. Nikikataa, sina faida.

Hapo ndipo penye dhuluma, na wala haihusu Keza peke yake. Mtu anayetakiwa kila siku aseme mateso tu, mwisho wake hachukuliwi kama mtu mwenye akili yake. Anageuka ushahidi. Anageuka picha ya ukutani kwenye ofisi ya mfadhili. Hakuna anayeuliza picha inapenda chakula gani. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi tunaokilalia kitanda hiki tunajua kunguni, lakini tunajua pia upande gani wa godoro ni laini, na nani hukoroma.

Sasa naomba tusaidiane kufikiri, maana najua kuna msomaji hapa ananung'unika: "Huyu dada anataka tuache historia tuandike mboga." La hasha. Nataka kuwaonyesha kwamba historia imo kwenye mboga, ila inataka kufuatwa taratibu.

Fuata maharage ya mama yangu. Yanapikwa kwa kuni, kwa sababu mtungi wa gesi tulionunua mama amekataa kuukaribia, anasema maharage ya gesi yanaiva kwa woga. Haya, kuni zinatoka wapi? Zinatoka mbali. Kwa nini mbali? Hapo uliza bibi. Atakwambia miaka ile ya kambi malaki ya watu walikuwa wanapika kila siku, kila mmoja jiko lake la mafiga matatu, na miti ya vilima vya wilaya hii ilikatwa kilomita kwa kilomita. Wenye kukata hawakuwa na ubaya, mtu hali mahindi mabichi. Lakini msichana wa leo anayeamka kabla ya jua kufuata kuni analipa deni lililokopwa kabla hajazaliwa, na hakuna ripoti iliyoandika jina lake. Umeona? Nilianza na chumvi, nimefika 1994 kwa miguu yangu mwenyewe, bila kutumwa na mhariri.

Au chukua kopo. Nyumbani kwetu maharage hupimwa kwa kopo la bati la mafuta ya kula, yale mafuta ya msaada, maandishi yake ya Kiingereza yamefutika nusu. Bibi alilipata kambini kwa kubadilishana na mama mmoja mkimbizi, akampa mkungu wa ndizi. Jina la yule mama bibi halikumbuki. Anachokumbuka ni kwamba alikuwa na mtoto mgongoni na alibishana bei vizuri ajabu. Mpaka leo bibi akitaka kumsifu mtu anayejua biashara husema, "Huyu anapatana bei kama mama wa kopo." Kwenye ripoti yule mama ni mmoja kati ya robo milioni. Jikoni kwetu ni bingwa wa kupatana bei, na sifa yake imeishi miaka thelathini. Niambieni ninyi wasomi, wapi ametendewa haki zaidi?

Nije kwenye redio, maana mimi redio ni ugonjwa wangu. Redio Kwizera ilianzishwa Ngara mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi. Jina lenyewe linaeleweka pande zote za mpaka, ni kuamini, kuwa na tumaini. Wakimbizi waliondoka, redio ikabaki. Ikawa yetu. Sasa ukisikiliza redio huku, mtu aliyefundishwa kwamba Ngara ni majonzi tu atashangaa. Atasikia salamu. Atasikia bei za mazao. Atasikia watu wazima wanabishana kwa simu kama mume anafaa kuosha vyombo. Mimi naona hiyo ndiyo maktaba yetu kubwa ya maoni ya watu wa kawaida, na kasoro yake ni moja: yakishasemwa yanapaa na upepo. Nani kayaandika? Hakuna. Waandishi tulikuwa tunatafuta mada nzito.

Na mpira je? Baba ni Simba, kaka ni Yanga, mimi nimegoma kuwa na timu ili nipate kuwacheka wote. Kaka alizaliwa mwaka 1993, lakini baba hausemi mwaka huo. Husema, "Huyu alizaliwa mwaka ule tulipofungwa na Stella." Ni ile fainali ya Kombe la CAF: Simba walikwenda Abidjan wakatoka sare bila kufungana, watu wakashona nguo za sherehe, halafu Stella wakaja Dar es Salaam wakashinda 2 kwa 0. Baba anasema siku ile hakula. Kaka naye ana kidonda chake cha mwaka 2023, Yanga ilipofungwa 2 kwa 1 nyumbani na USM Alger, ikaenda Algiers ikashinda 1 kwa 0, na kombe likaenda kwa Waarabu kwa hesabu ya bao la ugenini. Mwaka 2025 Simba wakafika tena fainali, wakafungwa 2 na Berkane kule Morocco, wakatoka sare 1 kwa 1 Zanzibar. Basi nyumba yetu sasa ina fainali tatu na kombe hakuna. Mabishano yaliyopo ni nani aliyekosa kwa heshima zaidi. Ukitaka kujua wanaume wa kwetu wanavyoubeba uchungu usioweza kulia hadharani, usiwaulize habari za vita, watanyamaza. Uliza habari za bao la ugenini. Utakaa mpaka usiku.

Kuna atakayesema haya ni mambo ya juzi, vijana wa simu wanapenda kujianika. Hajui lugha yake huyo. Kuandika mambo ya kila siku ni kazi ya kale katika Kiswahili. Mwaka 1903 kilichapwa Ujerumani kitabu cha desturi za Waswahili, na mwenye kalamu kubwa humo alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwalimu mtu wa Bagamoyo. Ameandika mtoto anavyozaliwa na kulelewa, michezo ya watoto, ngoma, harusi, madeni na jinsi watu wanavyodaiana. Kabla yake kidogo kuna Salim bin Abakari, aliyefuatana na bwana wake Mjerumani mpaka Urusi na Siberia mwaka 1896, akaandika safari hiyo kwa Kiswahili kwa jicho la mtu wa huku: watu wanakula nini, wanalala vipi, baridi inafanya nini mwilini. Hawakuwa wafalme wale. Walikuwa watu waliotazama na kuandika. Leo mtu anayetaka kujua pwani ya zama hizo ilivyokuwa inapumua, lazima apite kwao.

Na hapa kanda ya ziwa tunaye mzee wetu, Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe kitabu cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Kisa chake ukikisimulia kwa haraka ni mume na mke wanaopendana, mtoto hapatikani, wakwe wanaingilia. Basi. Lakini ndani yake kuna jinsi pombe ya ndizi inavyotengenezwa hatua kwa hatua, jinsi mgeni anavyokaribishwa, jinsi mkwe anavyonuniwa, jinsi ng'ombe wanavyotunzwa na mgonjwa anavyouguzwa. Kitabu hicho kilikaa bila kuchapwa miaka 35. Mzee akakaa chini akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ndipo Tanzania Publishing House ikakichapa mwaka 1980. Yeye alifariki mwaka 1981. Nikikumbuka hesabu hiyo natamani kupiga kelele. Miaka 35 mtu anangoja dunia ikubali kwamba mume, mke na mtungi wa pombe ni mada! Leo wataalamu wanakiheshimu kitabu kile kwa sababu hiyo hiyo, kwamba hakuacha jambo la nyumbani hata moja likapita bila kulitazama. Sisi tunataka kungoja miaka mingapi?

Sasa nijibu hoja za wapinzani, maana ugomvi wa upande mmoja ni masengenyo.

Wa kwanza anasema: "Taifa lina matatizo makubwa, ajira hakuna, maisha ni magumu, wewe unaandika chumvi?" Namjibu hivi. Ugumu wa maisha haukai hewani, unakaa nyumbani. Unauona mama anapoanza kuosha maharage mara moja badala ya mbili kwa sababu maji ya kununua yamepanda. Unauona mteja wangu anapotoa shilingi elfu mbili, akazitazama, akaomba nimrudishie elfu moja kwenye simu. Ukiandika "uchumi umeyumba" umerudia maneno ya redioni. Ukimwandika yule mteja, umeniambia kitu.

Wa pili anasema: "Huo ni ubinafsi, kila mtu mimi, mimi, mimi." Ndugu yangu, mtu anayeandika nyumba yake vizuri hawezi kujiandika peke yake hata akitaka. Nyumba ina watu. Mama atadai upande wake, shangazi naye wake. Ubinafsi ni kuandika "sisi Waafrika" mwanzo mpaka mwisho bila kumtaja Mwafrika hata mmoja anayekohoa.

Wa tatu, na huyu ndiye namwogopa, anasema: "Sawa, lakini nani atasoma?" Huyu ni mimi mwenyewe usiku. Nikimjibu kwa unyofu: sijui watakuwa wangapi. Ninachokijua ni kwamba niliisoma ile makala ya chumvi hapa kibandani, kwa sauti, mvua inanyesha, watu saba wamejikinga. Nilipofika kwenye sufuria ya msibani, mzee mmoja wa bodaboda akasema, "Subiri! Usiseme. Aliitia shangazi." Mwenzake akasema, "Thubutu! Mama." Mvua ikakatika wakabaki wanabishana, abiria anapiga honi mwenyewe. Wale ni wasomaji. Kama hawahesabiki, tatizo ni la anayehesabu.

Hata hivyo sisemi kila kinachotoka kinywani kichapwe. Porojo nazo zina bingwa na zina kilaza. Nionavyo mimi, ukitaka kuandika mambo ya nyumbani, shika haya machache. Uwe na upande: usiniambie "wengine hupenda hivi, wengine vile", niambie wewe unaona nani amekosea. Utaje kitu kwa jina lake: kama ni sado sema sado, kama ni debe sema debe, usiseme "chombo cha kupimia". Umpe mpinzani wako nafasi aseme vizuri, hata kama ni shangazi. Na usinifundishe mwishoni. Tumechoka na hadithi zinazoishia na mzee mwenye mvi anasema somo. Ukishaniweka jikoni, niache ninuse mwenyewe.

Nanyi vijana wa mjini, msifikiri nimewasahau. Nasoma kazi zenu humu. Nyingi ni nzuri, lakini kuna ugonjwa. Kijana anaishi Mbagala, chumba kimoja, wapangaji sita, choo kimoja, luku ya kuchangia. Akishika kalamu anaandika jumba la ghorofa, geti linajifungua lenyewe, mrembo ameshuka kwenye gari jeusi, mhalifu ana bastola. Bastola umeiona wapi wewe? Kwenye tamthilia. Lakini ile vita ya luku, nani amewasha pasi usiku wa manane umeme ukaisha, nani anasema hana friji na friji inasikika ikiunguruma, hiyo ni riwaya nzima imelala mlangoni kwako, unairuka kila siku ukienda kutafuta mada. Wenzetu wa nje wanatuambia tuandike msiba. Ninyi hakuna aliyewaambia, mmejilazimisha wenyewe kuandika anasa ambazo hamjazionja. Mimi naona ni ugonjwa mmoja: kuona haya na kwenu.

Na kuna jambo linanifanya nisiwe na subira. Bibi anazeeka. Anayo maneno ya Kishubi ya aina za ndizi na aina za maharage ambayo mama anayajua nusu, na mimi nayajua robo. Nikimwuliza ananitajia, halafu ananicheka ninavyotamka. Siku akiondoka ataondoka nayo. Hakuna shirika litakalokuja na magari meupe kuyaokoa, maana hayatoi machozi kwenye picha. Wa kuyaokoa ni mjukuu mwenye daftari, na mjukuu huyo akiambiwa kila mara kwamba maharage siyo mada, ataacha. Wengi wameshaacha. Nawafahamu. Walikuwa wanaandika vizuri kuliko mimi.

Kwa hiyo naomba hivi. Wahariri, mkipokea kazi kutoka Ngara, kutoka Kibondo, kutoka Tandahimba, msianze kutafuta damu ndani yake. Isomeni kwanza kama mnavyoisoma ya mtu wa Upanga. Ikiwa mbaya itupeni kwa ubaya wake. Na ninyi wenzangu wa umri wangu, jumapili hii usiandike juu ya Afrika. Andika kwa nini kwenu uji hukorogwa na mtu mmoja tu. Andika kiti ambacho hakuna anayekaa baba akiwepo, na anayekikalia baba akisafiri. Andika wimbo unaoupenda na unaogopa kusema mbele ya washikaji. Andika kitu ambacho ungekigombania hata kama hakuna anayekulipa.

Mtu akikwambia hizo ni porojo, mwulize kwao chumvi hutiwa saa ngapi. Kama hajui, amefanya nini nyumbani miaka yote hiyo?

Nimemaliza. Anayenipinga, kalamu ndiyo hiyo.